Natafuta Peugeot 504 Coventry, Chumvi Imenitangulia

Bisibisi ilizama hadi kwenye mpini. Nilikuwa nimelala chali kwenye lami yenye unyevu, uani kwa mzee mmoja nje kidogo ya Coventry, Uingereza, simu mkono wa kushoto. Upande wa pili alikuwa binamu yangu, fundi, gerejini kwake Mombasa, akilitazama tumbo la gari kwa video.

"Gonga hapo chini ya mlango." Nikagonga. "Ah, wabembeleza. Gonga!"

Ndipo bisibisi ikapita kwenye bati kama inapita kwenye andazi. Binamu akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Inuka, ndugu yangu. Hilo si gari, hilo ni biskuti iliyopakwa rangi."

Lilikuwa Mercedes la zamani aina ya W123, la rangi ya maziwa, viti safi, dashibodi haina hata ufa, na tangazo lake lilisema halina kutu. Mwenyewe, aliyenipa ruhusa ya kukagua nitakavyo, alikuwa ameingia ndani kuchemsha chai. Niliinywa kwa aibu, kama mtu aliyekuja kuposa na tayari ameshabadili nia.

Natafuta saluni. Si ile ya kusuka nywele. Gari la milango minne na buti la maana, la zamani lakini la kubebea familia, si la kuegeshwa na kupigiwa picha. Moyoni nataka Peugeot 504. Baba alikuwa nalo jeupe, lililounganishwa hukohuko Mombasa, lenye zile taa zilizokunja uso na buti lililolegea kwa nyuma. Kila likizo ya Desemba tulipakiwa kutoka Changamwe kwenda kwa bibi Wundanyi: watoto wanne nyuma, wa tano amepakatwa, na kuku mmoja ambaye safari yake haikuwa ya kurudi. Tulikuwa tukisimama Mackinnon Road, msikitini kwenye kaburi la Sayyid Baghali, kama madereva wengi wa njia ile, wa dini zote. Baba alikuwa Mkristo wa mstari wa mbele kanisani, na bado alisimama, akatia sadaka, akapanda gari bila maelezo. Kisha Voi, Mwatate, na zile kona za kupanda milimani ambako gari lilinguruma gia ya pili mpaka masikio yanaziba.

Mapenzi yetu na Peugeot hayakuja hewani. Peugeot 404 lilishinda mbio za magari za Safari Rally mara nne miaka ya 1960, na 504 likashinda mwaka 1975 na tena 1978. Mtu alikuwa anaona gari limechapwa na matope ya nchi yake mwenyewe na limefika. Hakuhitaji tangazo. Wagoni zake zikawa matatu za masafa marefu, na neno "Pijo" likaingia midomoni hata mwa watu ambao hawajawahi kumiliki baiskeli.

Basi nilipohamia Coventry nilidhani nimefika kwenye chimbuko. Mji huu ulilishwa na magari kwa vizazi, na kiwanda cha Peugeot kilikuwa hapo Ryton, nje kidogo ya mji, hadi 2006. Kumbe 504 halikuwa likitengenezwa hapo, na yale yaliyokuja kutoka Ufaransa yaliliwa zamani. Yameliwa na chumvi. Wageni huwa hawaamini nikiwaeleza: majira ya baridi serikali za mitaa hupita usiku na malori zikimwaga chumvi barabarani ili barafu isigande. Inasaidia sana kwa shingo za watu, lakini kwa bati ni sumu. Sisi kwenye barabara ya Nairobi tuna kituo kinaitwa Maji ya Chumvi na gari linapita salama. Huku hakuna kituo cha jina hilo na kila gari linaogeshwa nayo kuanzia Novemba mpaka Machi.

Kwa hiyo magari ya huku huozea chini, pasipoonekana, huku juu yakibaki na sura ya bwana harusi. Ya kwetu bara ni kinyume: jua la Voi hupasua dashibodi, hufubaza rangi, huchana viti, lakini sakafu ukiigonga inakujibu. (Mombasa yenyewe siiweki hapa. Upepo wa bahari nao una meno, na baba alikuwa akiosha chini ya gari kwa maji ya mfereji kila Jumapili baada ya kanisa.)

Jambo linaloniudhi zaidi ni sheria. Kenya, gari lililozidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza haliruhusiwi kuingizwa nchini. Tanzania hulipokea, lakini hulitoza ushuru wa ziada kwa uchakavu. Uingereza gari likifika miaka 40 ndiyo kwanza linaanza kudekezwa: halilipi kodi ya barabara, na tangu 2018 halilazimiki hata kupitia MOT, ule ukaguzi wa kila mwaka. Gari la 1978 linaingia London bila ada ya hewa chafu, wakati dizeli la 2004 la jirani yangu, baba wa watoto watatu anayefanya kazi za usiku, linadaiwa pauni 12.50 kwa siku kwa kuchafua hewa. Na moshi wa lile la 1978 mimi nimeunusa, hauna marashi.

Najua hoja ya Kenya: hatutaki kuwa jaa la mitumba ya wenzetu, na hoja hiyo naiunga mkono. Lakini sheria inayoangalia mwaka peke yake haiangalii gari. Wala huu msamaha wa Waingereza hauangalii. Lile Mercedes la biskuti, kwa makaratasi, halikuwa na kosa lolote. Rekodi za MOT wameziweka wazi kwenye mtandao, mtu yeyote anaandika namba ya gari na kusoma maili na kasoro zake bila kulipa. Huo ni ustaarabu ninaotamani tuuige kesho asubuhi, maana madalali wetu na ule wimbo wao wa "injini haijaguswa, lilikuwa la daktari" wangekosa cha kuimba. Ila nilipofika nyumbani nikaitazama ya lile gari, iliishia 2018, na karatasi ya mwisho ilikuwa imeandika kutu palepale nilipotia bisibisi. Kosa langu, ningesoma kwanza. Lakini pia: gari lilipozeeka kiasi cha kuhitaji kuangaliwa zaidi, ndipo macho yalipoondolewa.

Halafu kuna hili suala la familia. Huku gari la zamani ni la Jumapili. Bima niliyoulizia bei ilinitaka nisizidi maili 3,000 kwa mwaka, yaani safari kama tano za Mombasa na Nairobi, kwenda na kurudi, kisha gari lifunikwe shuka. Mtoto naye anatakiwa akae kwenye kiti maalumu mpaka afikishe miaka 12 au sentimita 135, na magari mengi ya kabla ya 1987 hayana hata mikanda nyuma ya kukifungia. Hapo siwalaumu. Nikikumbuka tulivyopangwa kama mahindi kwenye gunia kwenye kona za Wundanyi, nashukuru Mungu na mikono ya baba. Wanangu watafungwa mikanda, hata kama lazima fundi atoboe na kuweka mipya. Ninachotaka kukirudisha ni ile hali ya gari kuwa la kazi, linalofahamika kwa sauti likiwa bado kona ya pili, na sherehe yake kuwa siku ya kubeba sukari na mabati, wala si maonyesho.

Wiki iliyopita binamu alikwenda Mwatate kwa matanga, akapita kwa mjomba. Kuna 504 pale chini ya mwarobaini, lilisimama kwa kukosa spea na kuku wametaga kwenye kiti cha nyuma. Akanitumia sauti tu, bila picha. Anagonga sakafu kwa nyundo, mara tatu, ngo, ngo, ngo, kama kengele ya shule. Nimeisikiliza jikoni mpaka mke wangu akauliza ni nini hicho.

Nikampigia mjomba. Hauzi. Anasema atalitengeneza mwezi ujao.