Jiko la Armstrong na majiko yetu ya uani

Ukitoka Manhattan, jijini New York, kwa treni namba 7 ukashuka kituo cha 103rd Street, Corona, nyumba ya Louis Armstrong, yule mpiga tarumbeta wa jazi, unaifikia kwa miguu. Usitafute kasri wala geti la mlinzi. Ni nyumba ya matofali iliyobanana na za majirani, kwenye mtaa ambao siku hizi Kihispania ndicho unachokisikia zaidi. Mkewe, Lucille, aliinunua mwaka 1943 mume akiwa safarini na bendi, na humo ndimo mzee alimofia mwaka 1971. Huyu ndiye yule ambaye mwaka 1960 watu wa Léopoldville (Kinshasa ya leo) walimbeba juu kwa juu kwenye kiti kama mfalme. Angetaka kuhamia kwa matajiri angehamia. Hakutaka.

Nyumba ni makumbusho tangu 2003, na wengi huifuata kwa sababu ya tarumbeta. Mimi niliganda jikoni.

Makabati yote ni ya rangi ya feruzi, yamepigwa vanishi yakang'aa kama gari jipya. Friji ya Sub-Zero imezamishwa ukutani na milango yake imevishwa rangi ileile. Asipokuonyesha mtu, utaipita ukidhani ni kabati. Mota ya blenda, ya NuTone, imefichwa chini ya kaunta: juu unaona kitako tu, unapachika jagi unasaga. Jiko lenyewe lilitengenezwa na Crown kwa oda, na limebandikwa kibao kinachosema hivyo, chenye jina la Bwana na Bibi Armstrong. Yote hayo yameachwa vilevile tangu enzi zao.

Kwetu friji haifichwi. Inakaa sebuleni, ina kitambaa cha kufuma juu, na juu ya kitambaa kuna maua ya plastiki. Nawasikia Wabongo wenzangu wa huku Marekani wakiicheka desturi hiyo, eti ushamba. Mimi siicheki. Mtu anayebandika jina lake kwenye jiko ana tofauti gani na shangazi anayetaka mgeni aione friji yake kabla hajakaribishwa maji?

Nisipokubaliana na nyumbani ni kwenye pesa: inaanzia wapi na inaishia wapi. Sisi tunaojenga kwa dola za kutuma, sebule ndiyo inayomeza kila kitu. Dari la jipsamu, taa za kubadilika rangi, televisheni ya ukuta mzima. Halafu tunaweka jiko la ndani lenye kaunta ya mawe na sinki la kung'aa, tunapiga picha, tunarusha kwenye kundi la familia. Ubwabwa wa siku hiyohiyo umepikwa wapi? Uani, kwenye mkaa, chini ya bati mbili, na aliyeupika ameinama tangu asubuhi, macho mekundu kwa moshi.

Sababu nazijua. Mtungi wa gesi unaisha kabla ya mwezi, umeme ni ghali, na sufuria la pilau la shughuli halikai kwenye jiko la sahani nne. Sawa. Basi kama kupika ni uani, uani pajengwe: paa la maana, dohani, bomba la maji karibu, kaunta ya kimo cha mpikaji. Serikali ya Tanzania imejiwekea lengo kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya wananchi wawe wanatumia nishati safi ya kupikia. Wa kwanza kufika tungekuwa sisi wenye ramani mpya, lakini ramani zetu zinachora jiko la uani kama kibanda cha kuku.

Kuna jambo moja ambalo nyumbani wanatushinda kabisa. Huku unapanga nyumba, jiko na friji unavikuta ndani, ni mali ya mwenye nyumba. Kikiharibika kinaburutwa hadi kando ya barabara, kinaletwa kingine. Blenda ya mama yangu imeshafunguliwa na fundi mara nyingi. Amebadilisha kabonibrashi (vile vipande vya kaboni ndani ya mota), swichi, hata waya, na bado inasaga nazi. (Wenye mpango wa kujaza vyombo vya hapa kwenye kontena, kumbukeni umeme wa Marekani ni volti 120 na wa nyumbani ni 230. Bila transfoma mtasikia mlio mmoja tu.)

Ramani yangu ya Tanga iko kwa kaka. Anaona dohani na madirisha mawili makubwa ya jiko la uani ni kuchezea hela, nani ataviona? Nimemwambia afute dari la jipsamu. Amenuna, ila ramani anairekebisha.