Harufu za dukani zinaniumiza

Jana niliingia supamaketi moja hapa Ntinda, Kampala, kununua sukari kilo 2 tu. Sijapiga hata hatua tano, kifua kikabana. Kijana alikuwa anapiga deki kwa klorini kali, na juu ya rafu kile kidude cha manukato kinapuliza kila baada ya dakika chache, madirisha yote yamefungwa. Mikate wameipanga ubavu kwa ubavu na sabuni ya unga. Ukifika nyumbani hata mkate unanuka sabuni! Macho yananitoka machozi, kichwa kinagonga, naambiwa, “Pole dada, ni usafi.” Usafi gani huu, jamani? Sukari niliiacha kwenye kaunta, nikapanda boda hadi soko la Nakasero, angalau pale upepo unapita.