Tatoo kaunta: huku imeandikwa, nyumbani unasomwa usoni

Kuna kitu watu wa nyumbani wanaamini kuhusu huku Ulaya ambacho nimechoka kukikanusha kwenye simu, eti huku mtu anajichora mpaka kwenye kope halafu Jumatatu anakaa kaunta ya benki anahesabu hela za watu na hakuna anayemuuliza kitu. Sio kweli jamani. Mi naishi Uingereza, kazi yangu mapokezi hotelini, na nawaambia tatoo huku bado inamkosesha mtu ajira, tofauti ni kwamba huku mara nyingi utaambiwa mapema tena kwa maandishi, wakati nyumbani Tanzania unaambiwa "tutakupigia" halafu simu hailii, unakaa wiki ya kwanza ya pili mpaka unajiongeza mwenyewe.

Niseme niko upande gani ili nisiwazungushe. Mtu anayehudumia wateja aruhusiwe tatoo yake ionekane, mkononi, kwenye kiwiko, mguuni, hata shingoni kwangu hewala. Ila nachotaka zaidi ya hiyo ruhusa ni sharti liandikwe, liwekwe kwenye tangazo la kazi kabla mtu hajatuma maombi, na liwe moja kwa wote. Kampuni ikiamua hapana basi iseme hapana hadharani, mtu ajue asipoteze nauli.

Tuanze na sheria maana hapo ndo wengi wanadanganyana. Uingereza wana Sheria ya Usawa ya mwaka 2010, inamlinda mtu asibaguliwe kwa rangi, dini, jinsia, umri, ulemavu na kadhalika, na hata mwenye kovu kubwa la kuharibu sura anaweza kuhesabiwa humo. Sasa kanuni zake za mwaka huohuo zimeitaja tatoo kwa jina kabisa, kwamba hiyo haihesabiki. Yaani mwajiri akikukataa kwa sababu ya tatoo tu huna kesi, labda mchoro uwe unahusiana na imani yako au uonyeshe kwamba sharti linawabana watu wa kundi fulani kuliko wengine. Marekani hali inafanana, kuna kesi ya mgahawa wa Red Robin ambapo mhudumu alikuwa na michoro midogo kuzunguka vifundo vya mikono, ya dini yenye asili ya Misri ya kale, yeye kwake kuificha ni dhambi, wakamfukuza, shirika la serikali linaloshughulikia usawa kazini likamsimamia na mwaka 2005 mgahawa ukakubali kulipa dola 150,000. Alilipwa kwa sababu ya dini. Angekuwa amechora jina la mpenzi wake angekwenda nyumbani mikono mitupu.

Kwa hiyo huku sio sheria iliyowafungulia watu milango, ni uhaba wa wafanyakazi, hilo ndo nimelielewa baada ya kukaa huku. Angalia polisi wa London, mwaka 2012 walipiga marufuku tatoo zinazoonekana, wakajikuta wanarudisha watu ambao walikuwa wanawahitaji, mwaka 2018 wakalegeza. Starbucks, wale wa migahawa ya kahawa, waliruhusu 2014, isipokuwa uso na koo. Air New Zealand 2019, na wao walikuwa na sababu nzito kwa sababu Wamaori, wenyeji wa asili wa kule, wana michoro yao ya ukoo, tā moko, sasa shirika linachora alama za Kimaori kwenye ndege zake halafu linamwambia Mmaori mwenye alama yake mwilini asihudumie humo ndani, hiyo waliona wenyewe haiji. Virgin Atlantic wakafuata 2022 kwa wahudumu wa ndege, wakabakiza marufuku ya uso na shingo. Hakuna aliyeamka asubuhi akawa na huruma, biashara ilikuwa inakosa vijana. Kituo cha utafiti cha Pew kilipima Marekani 2023 kikakuta 32% ya watu wazima wana angalau tatoo moja, wanawake 38% na wanaume 27%, hebu fikiria unaweka tangazo la kazi ya kaunta halafu kwa mkono mmoja unawaondoa theluthi ya waombaji, na wengi wao wanawake ambao ndo mara nyingi unawapanga mapokezi.

Upande wa pili wapo ambao hawajatikisika. Emirates wamekuwa wakiandika kwenye masharti yao kwamba mhudumu wa ndege asiwe na tatoo inayoonekana akiwa na sare, na kuifunika kwa plasta au vipodozi hairuhusiwi. Wadogo zetu wengi wanaiwania ile kazi. Mi silipendi lile sharti, ila siwezi kusema limemvizia mtu, limekaa wazi, unalisoma kabla hujakaa kwenye kiti cha mchoraji.

Hii habari ya kufunika sasa, hapa ndo nataka nikae kidogo.

Hoteli niliyofanya kwanza (siitaji) ilikuwa na msimamo wa katikati, kuwa nayo unaweza ila ukiwa zamu isionekane. Ukisikia hivyo unaona wamekuwa wastaarabu. Mwenzangu wa zamu alikuwa na waridi upande wa shingo, dogo tu, na jina la mtoto chini yake. Asubuhi anakuja nusu saa kabla anajipaka faundesheni mbele ya kioo cha choo cha wafanyakazi, tabaka la kwanza, poda, tabaka la pili, anasubiri ikauke. Ikifika saa sita mchana, pale wageni wanaotoka na wanaoingia wanagongana na wewe umeinama kubeba mabegi, ile rangi yote imehamia kwenye kola ya shati jeupe, sasa ana waridi limechomoza nusu na kola imekuwa kama imefuta masizi. Akaambiwa na meneja aache vipodozi aweke plasta. Akaweka plasta kubwa ile ya mraba. Aisee, tangu hapo hakuna mgeni aliyepita pale bila kumuuliza umeumia nini, pole, ulijikata, umefanyiwa operesheni, kuna mama mmoja mtu mzima alimwandikia kabisa jina la dawa ya majipu kwenye karatasi ya hoteli akamwambia nenda duka la dawa usilikamue. Waridi lenyewe lilipokuwa wazi, ile siku plasta zilipoisha, hakuna aliyeuliza kitu.

Mi mwenyewe nina maandishi madogo hapa ndani ya mkono. Nikapewa soksi ya mkono, ile kama ya wacheza kikapu lakini nyembamba, pakiti inasema rangi ya mwili. Ni mwili wa mzungu. Nikaivaa nikajitazama naonekana kama mtu aliyeungua maji ya moto akafungwa bandeji, na wakati kwenye ngozi yangu nyeusi yale maandishi mpaka usogee ndo unayaona. Nikamwonyesha meneja mikono yote miwili, mmoja na soksi mmoja bila, nikamuuliza upi unamshtua mgeni. Alicheka lakini sharti halikubadilika, mwenye hoteli ndo alitaka hivyo, na mi nilikuwa nahitaji kazi nikaivaa.

Halafu kuna wale wa "si ukafute tu". Nani kasema ni kama kufuta ubao? Wino unakaa kwenye ngozi ya ndani, chini ya ile ya juu inayochubuka na kubadilika, na seli za kinga za mwili zinaumeza na kuushika hapohapo, ndo maana haitoki ukioga miaka kumi. Leza inauvunjavunja vipande vidogo mwili uondoe polepole, unarudi tena na tena, kila mara unasubiri wiki kadhaa ngozi ipone, na rangi kama kijani na bluu zinasumbua zaidi kuliko nyeusi. Na sisi wenye ngozi nyeusi inabidi tuwe waangalifu kwa sababu ile leza ikikosewa inachukua na rangi ya ngozi yenyewe, unabaki na baka jeupe au jeusi zaidi lenye umbo la tatoo ileile, na wengine ngozi zetu zinaota makovu ya kuvimba. Kwa hiyo unapomwambia mtu afute ili umpe kazi, mwambie pia nani analipa na nani atabeba lile baka.

Nyumbani. Nyumbani hakuna soksi wala plasta, kuna macho. Unaingia kwenye intavyuu, watu watatu wamekaa, jicho linashuka kwenye mkono linapanda, swali la kwanza umesoma wapi la pili unaishi na nani. Hakuna atakayetaja tatoo. Ukiwa mwanaume ushakuwa mhuni unavuta, ukiwa mwanamke wanakuwazia mabaya zaidi na hayo hawatayasema mbele yako. Cha ajabu mahali ambapo wanaliweka wazi ni serikalini, tangazo la ajira za Jeshi la Polisi huwa linataja kabisa mwombaji asiwe na michoro mwilini, unakubaliana nalo hukubaliani nalo lakini umeambiwa. Kampuni binafsi zenye kaunta, zile za vioo na kiyoyozi, nyingi haziandiki popote, na bado wote tunajua.

Dada yangu anashughulika na kuajiri watu huko, hili tunabishana kila akinipigia. Hoja yake ni kwamba mteja ndo mwenye hela, mteja akimwona binti amechorwa anapata wasiwasi na hela zake, biashara haiendeshwi kwa kuonea watu huruma. Nikamuuliza dada, mteja gani amewahi kukwambia hivyo kwa mdomo wake. Akasema hajawahi kuambiwa ila anajua tu. Nikamkumbusha kampuni kubwa hizohizo zinamlipa msanii mwenye michoro mpaka shingoni zinambandika kwenye bango la barabarani atabasamu na kadi ya simu, mteja yuleyule anamwona kila siku akienda kazini na hahami mtandao. Akasema msanii ni msanii. Haya.

Sikatai kwamba kuna mteja anayekereka. Wapo, hata huku wapo, wazee hasa. Ila mteja huyohuyo anakereka na lafudhi yangu pia, na kuna aliyewahi kuomba aletewe "mtu mwingine" nikiwa nimesimama mbele yake nimemaliza kumwandikisha chumba. Tukisema kila anachokereka nacho mteja kiondolewe kaunta, mi ningekuwa wa kwanza kupelekwa jikoni. Ndo maana hiyo hoja ya "wateja hawatapenda" ikitajwa mi huwa nashtuka kuliko wenzangu, naijua inaanzia wapi na inaweza kufika wapi.

Mipaka iwepo, sisemi watu waje na chochote. Picha za uchi, matusi, alama za chuki, bunduki imeelekezwa kwa mtu anayesubiri chai, hapana, hilo hata mimi nitakwambia vaa mikono mirefu. Lakini tunapima kilichochorwa, na lazima ajulikane nani anapima. Mwaka 2012 meya wa Osaka kule Japani, Toru Hashimoto, aliwatumia wafanyakazi wa jiji fomu waeleze kama wana tatoo na iko wapi mwilini, mpaka sehemu zinazofichwa na nguo ziliulizwa ingawa hizo kujibu ilikuwa hiari, na kuna waliokataa kujaza wakaadhibiwa na mambo yakafika mahakamani. Japani wana sababu zao, tatoo kwao zinanuka yakuza, magenge ya wahalifu, na kuna mabafu ya umma mpaka leo hayakuruhusu kuingia ukiwa nayo. Lakini dereva wa basi mwenye mchoro mgongoni, chini ya shati, anamdhuru abiria gani? Mwajiri akishapewa ruhusa ya kukagua ngozi bila mpaka anafika mgongoni kweli.

Watu wa HR, mnaoshughulika na kuajiri, mnaosoma hii, kazi yenyewe sio kubwa, ni mistari minne kwenye mwongozo wa sare. Sehemu gani inaruhusiwa, sehemu gani hapana, michoro ya aina gani haikubaliki, na ukikataliwa unamwona nani. Kama mnataka ifunikwe basi toeni cha kufunikia chenye rangi ya watu mnaowaajiri, na mjaribu wenyewe kukivaa zamu nzima ya mchana. Na aliyeajiriwa kabla ya sharti asiguswe.

Kinachobaki ni uso, na hapo sijafika. Nimejaribu kujilazimisha, nimesema kama hoja yangu ni ile ile kwa nini iishie kwenye taya, na jibu la maana sina, najua tu kwamba akija mgeni usiku wa manane kachoka na mi nimechorwa paji la uso, ataniangalia mimi kabla hajaniambia jina lake, na kazi yangu pale ni asinifikirie mimi kabisa. Mwenzangu wa waridi ananiambia huo ni woga tu, eti miaka kumi iliyopita ningesema hivihivi kuhusu shingo. Sasa hivi yuko hoteli nyingine, shingo wazi, na juzi wamempandisha kuwa msimamizi wa zamu.