Hekalu la watu 79,365

Saa kumi na moja alfajiri, kabla giza halijapasuka, watalii hujipanga kwenye ukingo wa bwawa dogo lililo kaskazini mwa njia iendayo Angkor Wat, hekalu la kale nchini Kambodia. Majini kuna mayungiyungi, na jua linapochomoza nyuma ya hekalu minara yake mitano huonekana mara mbili, juu na chini. Ukiitazama mikono yao utaona wote wanafanya jambo moja: simu inainuliwa kidogo, inasogezwa kushoto, inainuliwa tena, mpaka visogo vya waliosimama mbele vitoke kwenye kioo. Picha inayotakiwa haina mtu ndani yake. Inatakiwa ionyeshe jiwe, maji na mbingu, kana kwamba aliyeipiga ndiye wa kwanza kufika tangu wafalme wa Khmer, watawala wa kale wa nchi hiyo, waondoke.

Sina ugomvi na anayependa picha nzuri. Kinachonisumbua ni kwamba hamu hiyo ya kuona magofu matupu haikuishia kwenye simu. Inafanana mno na sera ambayo kwa miaka kadhaa sasa imebadilisha maisha ya wenyeji wa Angkor, na mtalii anayekata tiketi, hata asipojua, ni mmojawapo wa wanaotajwa kuwa sababu.

Mwaka 2022 serikali ya Kambodia ilianza kuhamisha familia zipatazo 10,000 kutoka ndani ya hifadhi ya Angkor, eneo la kilomita za mraba 400 lililoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1992. Nyingi zilipelekwa Run Ta Ek, mwendo wa takriban kilomita 25 kutoka Angkor Wat, na nyingine Peak Sneng. Kila familia iliahidiwa kiwanja cha mita 20 kwa 30, dola 350, mabati 30, chandarua, turubai na posho ya chakula. Serikali inashikilia kwamba watu walihama kwa hiari, na kwamba walengwa walikuwa wavamizi wa ardhi iliyolindwa na sheria. Shirika la haki za binadamu la Amnesty International, katika ripoti yake ya Novemba 2023 iliyotokana na mahojiano na zaidi ya watu 100, ilisema hiari hiyo ilikuwa jina tu, kwamba watu walitishwa na walifikishwa kwenye viwanja vitupu wajijengee wenyewe. UNESCO nayo ilieleza kwamba haikuwahi kuagiza watu waondolewe.

Tuanze na hoja ya serikali, kwa sababu ni nzito kuliko wapinzani wake wanavyokubali. Angkor haikuwa rundo la mahekalu tu, ilikuwa jiji. Vipimo vya leza vilivyopigwa kutoka angani mwaka 2012 na 2015 vilionyesha, chini ya msitu na mashamba ya mpunga, barabara, mifereji, tuta za makazi na vidimbwi vya kaya ambavyo mguu wa mtalii hupita juu yake bila habari. Urithi mkubwa wa Angkor, kwa hiyo, umo udongoni, na anayefukia kidimbwi ili amwage msingi wa zege anaweza kufuta kwa wiki moja kumbukumbu iliyodumu miaka 800. Idadi ya wakazi ndani ya hifadhi imepanda mara kadhaa tangu 1992 na kupita 100,000, na wakati wa janga la Uviko-19, ajira za Siem Reap, mji ulio jirani, zilipokatika, ujenzi usio na kibali ulishika kasi. Madalali wa viwanja nao hawakulala. Tena si kila aliyeishi karibu na jiwe alilitunza: katika miaka ya vita na baada yake, sanamu za Koh Ker, mji mwingine wa kale wa Khmer, na kwingineko ziling'olewa na magenge yaliyowatumia wanakijiji kama vibarua, zikavushwa mpaka na kuishia katika makumbusho ya Ulaya na Marekani. Mamlaka ya APSARA, iliyoundwa mwaka 1995 kusimamia eneo hilo, ingelaumiwa vilevile kama ingekaa kimya.

Hayo yote nayakubali. Ninachokataa ni dhana iliyo chini yake, kwamba hali ya asili ya hekalu la Khmer ni upweke, na mtu anayeishi kando yake ni uchafu ulioongezeka baadaye.

Jiwe lenyewe linakanusha. Mfalme Jayavarman wa Saba alipozindua hekalu la Ta Prohm mwaka 1186, aliacha maandishi ya Kisanskriti yaliyochongwa kwenye bamba la jiwe, na ndani yake kuna hesabu ambayo kila ninapoisoma hunirudisha nyuma: vijiji 3,140 na watu 79,365 walipangiwa kulihudumia hekalu hilo moja, wakiwemo makuhani wakuu 18 na wacheza ngoma 615. Miaka 5 baadaye, mfalme huyo huyo alizindua hekalu la Preah Khan, na maandishi ya huko yanataja watu 97,840. Ukijumlisha mahekalu hayo mawili tu unapata watu 177,205.

Hesabu za wafalme zinataka tahadhari. Bamba la jiwe si daftari la sensa. Ni majigambo ya mtawala mbele ya miungu. Wala watu hao hawakulala wote ndani ya kuta. Wengi walikuwa wakulima wa vijiji vya mbali waliotakiwa kutoa mchele, nguo, nta na nguvu zao, na haielekei kwamba waliulizwa kama wanapenda. Sitaki kuigeuza shokoa kuwa ujirani mwema. Lakini hata ukiipunguza hesabu hiyo kwa nusu, kisha kwa nusu tena, unabaki na watu wengi kwa hekalu moja kuliko mtalii anavyoweza kuwawazia anaposimama chini ya mizizi ya mti maarufu wa Ta Prohm akisubiri zamu yake ya picha. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ulikadiria kwamba katika karne ya 13 jiji zima la Angkor na viunga vyake lilikuwa na watu kati ya 700,000 na 900,000. Leo 100,000 wanaitwa msongamano.

Wala watu hawakutoweka wafalme walipohamia kusini. Watawa wa Kibuddha waliendelea kuishi Angkor Wat na kuitumia. Mwaka 1632 hujaji mmoja Mjapani alifika na kuandika kwa wino kwenye nguzo, maandishi ambayo bado yapo. Mfaransa Henri Mouhot, anayesifiwa kwa "kugundua" mahali hapo mwaka 1860, alikuta watu wanasali. Utawala wa Kifaransa ndio uliolipa wazo la magofu matupu nguvu ya sheria, pale makazi ya watawa yaliyokuwa mbele ya hekalu yalipoondolewa mwanzoni mwa karne ya 20 ili mandhari ipendeze, na pale hifadhi ya Angkor ilipotangazwa mwaka 1925. Dhana kwamba mahali hapana mwenyewe ina wanufaika wake. Mwandishi André Malraux, aliyekamatwa mwaka 1923 kwa kung'oa sanamu za hekalu la Banteay Srei, alijitetea kwa hoja kwamba hekalu lile lilikuwa limetelekezwa na halikuwa kwenye orodha ya kulindwa.

Msomaji aliyewahi kuvuka kwenda Kilwa Kisiwani, iliyoorodheshwa na UNESCO mwaka 1981, anajua kwamba gofu la Msikiti Mkuu lina majirani, na majirani hao wanavua samaki. Na Mtanzania aliyefuatilia uhamishaji wa Wamasai kutoka Ngorongoro kwenda Msomera, ulioanza mwaka huo huo wa 2022, atayatambua maneno yanayotumika Siem Reap bila kuhitaji mkalimani: hiari, idadi ya watu, urithi wa dunia.

Turudi kwa mtalii, maana ndiye anayelipa. Tangu Februari 2017 tiketi ya siku moja ni dola 37, ya siku tatu dola 62, ya siku saba dola 72. Dola 2 katika kila tiketi huenda kwenye hospitali za watoto za Kantha Bopha, na raia wa Kambodia haingii kwa kulipa. Mwaka 2018 wageni wapatao milioni 2.6 walileta takriban dola milioni 116. Baada ya janga idadi ilianguka, na mwaka 2024 ilikuwa kama milioni 1. Ni fedha nyingi hata hivyo, na sehemu yake inaonekana kazini, kwenye mawe yaliyosimamishwa upya na njia za mbao zinazozuia miguu isikwaruze sakafu ya Ta Prohm. Pamoja na hayo, mkoa wa Siem Reap umehesabiwa kwa muda mrefu miongoni mwa mikoa maskini ya nchi hiyo. Methali yetu humpa mgeni jembe siku ya tatu; Angkor humwuzia tiketi ya siku tatu, na jembe linabaki kwa mwenyeji.

Suala la maji linaonyesha vizuri zaidi nani anagusa nini. Mahekalu mengi ya Angkor yamejengwa juu ya mchanga ulioshindiliwa, na mchanga huo hubeba uzito vizuri unapokuwa na unyevu wa kutosha. Ndiyo maana wahifadhi wanahangaikia mahandaki ya maji na mabwawa ya kale kuliko wanavyohangaikia nakshi. Maji ya ardhini yakishuka mno, msingi unaweza kulegea. Ni nani anayeyavuta? Kwa miaka mingi hoteli za Siem Reap zilijichimbia visima kwa sababu maji ya bomba ya mji hayakutosha mabwawa ya kuogelea, bustani na mashuka yanayofuliwa kila siku. Familia inayochota maji ya kupikia kwa ndoo haiwezi kushindana na hoteli ya vyumba 200, lakini aliyehamishwa ni yule wa ndoo. Hilo silioni likipewa uzito unaostahili, hata na wale wanaoitetea APSARA kwa nia njema.

Wapo watalii, na nimesoma malalamiko yao mengi, wanaosema wachuuzi huwaharibia ziara: watoto wanaouza kadi za posta, akina mama wanaoita kutoka vibandani. Kuhusu watoto nawaunga mkono. Mtoto mwenye kapu saa nne asubuhi hayuko darasani, na kila anayenunua kwake anamzuia kurudi huko. Ila kuhusu akina mama, ningeomba mgeni aende kwenye hekalu la Bayon, apite kwenye ukuta wa nje upande wa kusini, chini ya michongo ya vita ambayo kila kiongozi wa watalii huieleza. Pale chini wamechongwa wanawake wameketi sokoni na bidhaa zao, mmoja anauza samaki. Kuna mapigano ya majogoo, kuna chungu jikoni, kuna mwanamke anayejifungua. Zhou Daguan, mjumbe wa China aliyekaa Angkor mwaka 1296 na 1297, aliandika kwamba biashara ya jiji hilo ilikuwa mikononi mwa wanawake. Mtalii huyo huyo humpiga picha kwa upendo mwanamke wa jiwe anayeuza samaki, kisha anageuka na kumpungia mkono wa kumfukuza yule wa damu na nyama anayemwuzia nanasi.

Sisemi hifadhi iachwe bila mipaka. Kikomo cha watu 100 kwa wakati mmoja kwenye ghorofa ya juu ya Angkor Wat, na cha watu 300 kileleni mwa kilima cha Phnom Bakheng jua linapozama, ni vya haki, na vingeweza kushushwa zaidi bila mimi kulalamika. Nyumba mpya ya zege ya dalali asiye mwenyeji ibomolewe. Lakini sheria za Kambodia zenyewe ziliwatambua wakazi wa vijiji vya asili na kuwaruhusu kubaki, na mpango ulioshindwa kumtofautisha mjukuu wa mkulima na mnunuzi wa viwanja wa mwaka juzi haukuwa umefanya kazi yake ya nyumbani. Kwamba baadaye barabara, shule na zahanati zilijengwa Run Ta Ek ni jambo la kushukuru. Haliondoi swali la kwa nini watu walitangulia kufika kabla ya huduma hizo.

Mgeni anayetaka kuona Angkor yenye watu hana haja ya kwenda mbali. Kwenye barabara ya kwenda Banteay Srei kuna kijiji kiitwacho Preah Dak, ambako wanauza tambi za mchele zenye mchuzi wa samaki na, pembeni ya barabara, sukari ya mvumo. Mgema hupanda mti alfajiri na jioni kwa ngazi ya mwanzi, akikinga utomvu kwenye vibuyu vya mwanzi. Mkewe huuchemsha kwa saa kadhaa kwenye karai kubwa juu ya kuni mpaka uwe mzito wa rangi ya kahawia, kisha huumwaga kwenye vikombe vya majani ya mti huo huo ugande. Kipande kinauzwa bei ndogo, na kina ladha ya moshi. Mvumo huchukua miaka 15, pengine zaidi, kabla ya kuanza kugemwa. Familia iliyofika kwenye kiwanja chake cha mita 20 kwa 30 mwaka 2022 na kupanda mche siku hiyo hiyo itaupanda kwa ngazi mara ya kwanza karibu na mwaka 2037.