Jaji Persky aling'olewa, ila bili walilipa wengine

Kila nikiona mtu anaandika "majaji wapigiwe kura bana, wakizingua wang'olewe" namkumbuka Aaron Persky wa mahakama ya kaunti ya Santa Clara, California. Kule wananchi wanaweza kukusanya saini na kumpigia kura jaji atoke kabla muhula wake haujaisha, na Juni 2018 walimtoa, zaidi ya asilimia 60 wakasema aende. Jimbo lile halikuwa limemng'oa jaji kwa njia hiyo tangu 1932.

Kesi yenyewe wengi mnaijua, Brock Turner, muogeleaji wa Stanford, Januari 2015 alikutwa nyuma ya pipa kubwa la taka juu ya binti aliyekuwa hajitambui, na kama si wanafunzi wawili wa Sweden waliokuwa wanapita na baiskeli wakamkimbiza na kumkamata pengine tusingesikia kitu. Mwendesha mashtaka aliomba miaka 6. Persky akampa miezi 6 ya jela ya kaunti na miaka 3 ya kifungo cha nje, jamaa akatoka baada ya miezi mitatu tu. Na jaji alisema gerezani kijana angeathirika sana, sasa gereza gani halimuathiri mtu? Hapo hata mimi nilikasirika na bado nimekasirika. Michele Dauber, profesa wa sheria wa Stanford aliyeongoza kampeni ya kumng'oa, alikuwa na hoja: Persky mwenyewe kasoma Stanford na alikuwa kapteni wa timu ya lakrosi, kwa hiyo anamuangalia mshtakiwa anajiona yeye. Sio hoja ya kupuuza.

Ila mtu ana historia nyingine ambayo haikuingia kwenye mabango. Kabla ya kuteuliwa na gavana Gray Davis 2003 alikuwa mwendesha mashtaka kaunti hiyohiyo, akishughulika na kesi za ubakaji na unyanyasaji wa kingono. Ile adhabu hakuitoa kichwani, maafisa wa probesheni ndio waliopendekeza jela ya kaunti badala ya gereza. Tume inayosimamia nidhamu ya majaji ikamchunguza na Desemba 2016 ikasema haikuona ushahidi wa upendeleo. Jeff Rosen, mwendesha mashtaka mkuu wa kaunti, ambaye ofisi yake ndo ilitaka ile miaka 6, alipinga kung'olewa kwake, na mawakili wanaotetea watu wasio na hela nao wengi walisimama na jaji. Wanaotetea masikini wanamtetea jaji wa "tajiri mwenzake", hapo mtu ungejiuliza kidogo.

Jibu la swali hilo ni hili ambalo mimi haliniishi kichwani. Watafiti wawili, Sanford Gordon na Sidak Yntiso, walichukua rekodi za kesi za kaunti 6 za California wakakuta kwamba kampeni ilipotangazwa tu, yani 2016, miaka miwili kabla ya kura, adhabu zilipanda kwa karibu asilimia 30. Na wakaona waliobadilika ni majaji, sio waendesha mashtaka. Hawa sio kina Turner, ni washtakiwa wa makosa ya kila aina, ingawa pengo la adhabu lililokuwepo kati ya weupe na wengine halikuongezeka. Jaji anaamka asubuhi, mbele yake kasimama mtu asiyejulikana na yeyote, anajua akimpa kifungo kikali hakuna atakayemuandika gazetini, akimuonea huruma anaweza kuwa Persky, we ungefanyaje?

Halafu kilichowaudhi watu kilikuwa kimeshazibwa, maana Septemba 2016 gavana alisaini sheria kwamba kosa kama la Turner lazima gereza, hakuna tena kifungo cha nje. Kampeni ikaendelea tu.

Mwaka 2019 Persky alipata kazi ya kufundisha tenisi timu ya wasichana kwenye sekondari moja San Jose, wazazi wakalalamika, akaondolewa. Na wale waliokula ile asilimia 30 hakuna aliyewakusanyia saini.