Nyumba ya Udongo ya Brigham Young na Zile Tunazozibomoa Kwetu

Mgeni kutoka Afrika Mashariki akioneshwa Beehive House hapa Salt Lake City, Marekani, mtaa wa South Temple, hudhani amesimama mbele ya jumba la mawe. Ghorofa mbili, nguzo mbele, na juu ya paa kijumba kilichovikwa mzinga wa nyuki. Kumbe sehemu kubwa ya kuta zile ni tofali mbichi za udongo zilizokaushwa juani, zikafunikwa lipu. Ilijengwa 1854 kwa michoro ya Truman O. Angell, nayo ingali imesimama. Kwetu nyumba ya tofali kama hizo inahesabiwa alama ya umaskini, na mtoto aliyeko ng'ambo akipata senti jambo la kwanza ni kuagiza ibomolewe. Naona tunakosea, na nyumba hii inaonesha wapi.

Mwenye nyumba hiyo hakuwa fukara. Brigham Young aliongoza kanisa la Wamormoni, akawa gavana wa kwanza wa Utah ilipokuwa bado haijawa jimbo kamili, na alikuwa mfanyabiashara hasa: alianzisha duka la ushirika la ZCMI mwaka 1868 na akachukua kandarasi ya kuandaa njia ya reli. Alijengea udongo kwa sababu bonde lile lilikuwa na uhaba wa mbao na udongo ulikuwa tele. Tena watu wake walikwishakuonja ubaya wa kujenga vibaya. Walifika Julai 1847, wakajenga ngome ya magogo na tofali za udongo na kuiezeka kwa paa za udongo zisizo na mwinuko wa kutosha. Mvua za masika ya 1848 zilivuja hadi kitandani.

Hapo ndipo pa kujifunzia. Adui wa tofali mbichi ni maji, na yanaingia kwa njia tatu: juu, chini na ubavuni. Juu yazuiwe na upenu mrefu, sentimita 60 au zaidi. Chini yazuiwe na msingi wa mawe uliopanda sentimita 40 hivi juu ya ardhi, maana matone ya bati yakigonga chini hurusha tope ukutani. Ubavuni ndiko mafundi wetu wanakoharibu: wanapiga lipu ya saruji juu ya udongo. Udongo hupumua, huvimba na kusinyaa. Saruji ni ngumu, haifuati. Inapasuka nyufa nyembamba, maji yanaingia, na hayana pa kutokea. Kwa nje ukuta unang'aa, kwa ndani safu za chini zimekuwa uji. Siku nyumba ikiporomoka, lawama anabebeshwa udongo.

Dawa ni chokaa, kipimo kimoja kwa vitatu vya mchanga safi, mkono wa kwanza ukwaruzwe na kunyunyiziwa maji siku kadhaa kabla ya wa pili. Wazee wa Mji Mkongwe Zanzibar walilijua hili kwa kuta zao za mawe ya matumbawe, na huko pia saruji imeleta madhara yale yale.

Sidai kwamba hali ni sawa. Salt Lake ni kukavu. Zanzibar hupata mvua mara kadhaa zaidi, na mchwa wetu si wa kuchezea. Halafu kuna tetemeko, ambalo ndilo udhaifu mkubwa wa tofali mbichi. Utah ilitikisika Machi 2020 kwa kipimo cha 5.7, na sisi tuna Kagera ya Septemba 2016. Anayekarabati asiache kufunga linta inayozunguka kuta zote bila kukatika.

Lakini tofauti kubwa kuliko hali ya hewa ni nani anayewajibika. Beehive House haikukaa tupu. Baada ya Young, marais wa kanisa Lorenzo Snow na Joseph F. Smith waliishi na kufia mle, kisha ikawa hosteli ya wasichana, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 ikafanyiwa ukarabati mkubwa. Wakati wote huo kulikuwa na mtu wa kupanda juu kutazama paa. Kwetu nyumba ya marehemu inabaki ya warithi kumi na wawili. Kila mmoja ana haki ya kuiuza, hakuna mwenye wajibu wa kununua bati moja.

Kwa hiyo unayetuma hela nyumbani, kabla hujalipia tofali za saruji, mtume fundi achokoe ukuta kwa msumari, sentimita 20 kutoka chini. Ukizama kwa urahisi, safu zile zitolewe kipande kwa kipande, mita moja kwa wakati, na kujazwa mawe. Ukigoma, ukuta ni mzima: anza na paa, ondoa saruji, kisha chokaa. Na mkubaliane kwa maandishi ni ndugu yupi atakayekagua paa kila mwaka kabla ya masika, na hela ya kazi hiyo itatoka kwa nani.