Miaka 3 iliyoandikwa kwenye boksi haipimi akili

Kwenye boksi la mdoli kuna duara jekundu lililokatwa kwa mstari, ndani yake uso wa mtoto na tarakimu 0-3. Mzazi huiona, akacheka. "Huyu wangu ana miaka miwili, lakini kwa ujanja anawazidi wa miaka minne." Mdoli unanunuliwa.

Ila alama ile haina habari na ujanja. Inazungumzia koo. Marekani, kwa mfano, vipande vidogo hupimwa kwa kikopo chenye mdomo wa milimita 31.7, kipande kikitumbukia chote humo bila kubanwa, hakiruhusiwi kwenye kichezeo cha mtoto wa chini ya miaka 3. Mtoto awe mwerevu vipi, koo lake ni lile lile jembamba, na kila akiokotacho bado anakionja.

Wanaozipuuza lebo nao wana hoja. Wanasema kampuni huandika maonyo ili zijikinge na kesi, na kwamba mtoto asiyeumia hajifunzi. Hilo la pili nalikubali kabisa. Mnara wa vibao ukimwangukia kidoleni, atalia, kisha kesho ataujenga kwa adabu. Hatari anayoiona humfunza.

Tatizo ni hatari isiyomfunza chochote. Chukua betri bapa ya mviringo, ile inayofanana na sarafu, inayoimbisha midoli. Ikikwama kwenye umio, unyevu wa mwilini unaupitisha umeme, na pale inapogusa hutengenezwa alkali kali inayounguza nyama. Saa 2 zinatosha kuleta jeraha baya. Hata iliyochoka, isiyoweza tena kuimbisha mdoli, inaweza kuunguza. Na mtoto mwenyewe huenda asioneshe zaidi ya kutokwa mate na kukataa kula, ukadhani ni meno. Sumaku ndogo zenye nguvu ni hivyo hivyo: akimeza mbili, zinatafutana tumboni huku kuta za utumbo zikiwa katikati, zinazibana mpaka zinatoboka. Mtoto hapati somo lolote hapo.

Kwa hiyo niko upande wa lebo, lakini si kwa moyo wote. Kipimo hufanywa kwa kichezeo kipya. Miezi sita baadaye jicho la dubu limelegea na mshono wa tumbo umeachia, huku boksi lilishatupwa zamani. Isitoshe, ile alama ya CE ya Ulaya, ambayo wengi huichukulia kama muhuri wa mkaguzi, mara nyingi ni tamko la mtengenezaji mwenyewe kwamba ametimiza masharti.

Wanaokimbilia mbao kwa kuogopa plastiki wasilale usingizi. Mbao zikipakwa rangi yenye madini ya risasi ni sumu tu, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama.

Puto je? Hakuna anayelihesabu kuwa kichezeo, na nani husoma pakiti ya maputo sherehe ikiwa imepamba moto? Sheria ya Marekani inadai liwe na onyo kwa watoto wa chini ya miaka 8, kwa sababu kipande cha puto lililopasuka hujibandika kooni kama ngozi ya pili.

Mimi, kabla ya kulipa, hujaribu kufungua mlango wa betri kwa ukucha. Ukifunguka bila bisibisi, narudisha. Kisha navuta macho ya dubu, kwa nguvu, muuzaji akinitazama vibaya.

Linalobaki gumu ni nyumba yenye mtoto wa miaka 6 na mwingine anayetambaa. Je, mkubwa anyang'anywe vitofali vyake kwa ajili ya mdogo? Wapo wanaofanya hivyo, nami naona ni kumwonea. Achezee mezani, mdogo akiwa amelala, na kabla meza haijaachwa mtu mzima apige magoti apapase sakafuni.